Wakili "kujitoa" kwenye kesi kisa hujamlipa, maana yake nini?

Huku Mbeya utasikia mtu analalamika "wakili kanikimbia", ukimdadisi unakuta alitoa hela ya kuanzia, nyingine akaahidi viazi vikitoka, viazi vikatoka bei ikawa ya kutupa, basi ikawa simu ya wakili ikiita anaigeuza kifudifudi mezani. Hapo mara nyingi hujakimbiwa bana, wakili amejitoa.

Kujitoa ni wakili kuiambia mahakama kwamba huyu mtu simwakilishi tena. Mahakama, sio wewe tu. Jina lake lipo kwenye faili kwahiyo hawezi kuacha tu kutokea halafu akasema si ulinizungusha, anatakiwa akutaarifu mapema ili ulipe au utafute mwingine, kisha hakimu au jaji aridhie. Kutolipwa ni sababu inayoeleweka kabisa, naye ana pango la ofisi na watoto shule. Ila akisubiri mashahidi wameshatoka Tukuyu na Chunya kwa nauli zao, wamekaa kwenye benchi, ndo anasimama kujitoa, hapo anaweza kugomewa.

Wengi wanapoumia ni hapa: wanadhani wakili akiondoka na kesi imesimama. Haisimami! Tarehe iko palepale. Kwenye kesi za madai, wewe uliyeshtaki usipotokea shauri linaweza kufutwa, na kama umeshtakiwa linasikilizwa upande mmoja, hukumu inatoka hujafungua mdomo, unashtukia dalali wa mahakama anapima shamba. Kuiomba mahakama itengue hukumu kama hiyo inawezekana, ila lazima uwe na sababu ya maana, na "sikuwa na wakili" peke yake haitoshi maana sheria inakuruhusu kusimama mwenyewe. Kwahiyo nenda siku hiyohiyo hata kama mikono mitupu, omba ahirisho la kutafuta wakili, na karani muachie namba yako ya simu kwa sababu taarifa zote zilikuwa zinapitia kwa yule aliyeondoka.

Deni nalo halifi. Kazi aliyokwisha kuifanya anaweza kukudai, na mkibishana kiasi, kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inayoongoza ukokotoaji. Ukiona kakufanyia uhuni, yaani kala hela na kazi hakuna, kuna Kamati ya Mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, peleka malalamiko na risiti. Risiti jamani, sio "nilimpa mkononi pale Mwanjelwa".

Na wapo wanaoshikilia faili mpaka walipwe, hivyo hati ya shamba baki nayo mwenyewe, wakili mpe kopi.

Kesi ya mauaji ukipangiwa wakili, analipwa na serikali, hizi habari za ada hazikuhusu.

Kwa mkulima anayepata hela kwa msimu mimi naona bora mwambie wakili tangu siku ya kwanza kwamba nalipa mwezi fulani mahindi yakiuzwa, muandikishane, wengi wanakubali. Ukikwama kabisa ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, hawachukui ada, watakuelekeza na kukuunganisha na wanaotoa msaada, ila kusimama mahakamani kukutetea kama wakili hawaruhusiwi.