Mkwamo wa kivyama: wabunge wanaposhindwa kuamua huku uchumi ukiyumba

Mkwamo wa kivyama ni hali ambayo wabunge wana jambo la lazima mezani, muda unayoyoma, na kila upande una kura za kutosha kuzuia pendekezo la mwenzake lakini hauna za kutosha kupitisha la kwake. Kelele peke yake si mkwamo. Wabunge wanaweza kurushiana maneno kutwa nzima, jioni wakapiga kura na jambo likaisha.

Kukataa nako si mkwamo. Tarehe 29 Septemba 2008, wiki mbili baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa kwa kura 228 dhidi ya 205 mpango wa dola bilioni 700 wa kuokoa mabenki. Siku hiyo kipimo cha hisa cha Dow Jones kilishuka zaidi ya pointi 770. Muswada ukarekebishwa, na tarehe 3 Oktoba ukapita kwa kura 263 dhidi ya 171. Wapinzani wake walitoka vyama vyote viwili, na jibu lilipatikana ndani ya siku nne. Hilo lilikuwa bunge linalofanya kazi, japo kwa jasho.

Mkwamo wenyewe hujengwa na kanuni. Seneti ya Marekani ina wajumbe 100, lakini kwa miswada mingi kufunga mjadala kunahitaji kura 60. Chama chenye maseneta 53 ndicho kinachotawala Seneti, na bado kinaweza kuzuiwa na wale 47. Upande wa pili kuna Baraza la Wawakilishi lenye viti 435, halafu yuko Rais mwenye kura ya turufu. Ni milango mitatu, na mara nyingi funguo zake ziko kwa vyama tofauti. Watanzania tuliliona jambo la namna hii katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Kupitisha rasimu kulihitaji theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka ukumbini mwezi Aprili. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Swali linalofungua dhana hii yote, na ambalo taarifa za habari huliruka, ni hili: sheria inasema nini kama uamuzi haukupatikana? Jibu lake ndilo linaloonyesha nani ataumia, na kwa hiyo nani ana haraka na nani hana.

Marekani, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba, na sheria yenye mizizi mwaka 1884 inakataza ofisi ya serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha. Bajeti ikikwama, ofisi zinafungwa. Baadhi ya watumishi wanarudishwa nyumbani, na wengine, kama waongoza ndege, wanaendelea na kazi bila mshahara hadi mkwamo uishe. Ilitokea kwa siku 16 mwaka 2013, siku 35 kuanzia Desemba 2018, na siku 43 mwaka 2025. Kuhusu ule wa siku 35, ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilikadiria kuwa uchumi ulipoteza takriban dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazitarudi kamwe. Kazi iliyoahirishwa huweza kufanywa baadaye, lakini mteja aliyekosa huduma akaenda zake harudi kununua mara mbili.

Kuna kitanzi kingine, ukomo wa deni. Bunge la Marekani huidhinisha matumizi, kisha kwa sheria nyingine huweka kikomo cha kukopa, hata kwa ajili ya matumizi yale yale lililokwisha kuyaidhinisha. Mwaka 2011, watu wengi wakiwa bado hawana ajira tangu msukosuko wa 2008, vyama vilivutana hadi tarehe 2 Agosti, siku ambayo Hazina ilikuwa imetaja kuwa ya mwisho. Sheria ilisainiwa siku hiyo hiyo. Siku tatu baadaye kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, Standard & Poor's ikashusha daraja la mkopo la Marekani kutoka AAA, ambalo ni la juu kabisa, hadi AA+. Wakaguzi wa Bunge walikuja kukadiria kuwa kuchelewa huko kuliiongezea Hazina gharama ya kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 mwaka ule. Fedha hizo hazikujenga hata darasa moja. Zililipwa kwa sababu ya kuchelewa tu.

Kwa nini hali inakuwa mbaya zaidi uchumi ukiyumba? Kwanza, makisio hayasubiri. Mapato yanashuka wakati mahitaji yanapanda, hivyo mpango uliofaa mwezi Machi haufai tena mwezi Juni, na kila wiki ya mvutano inaufanya muswada upitwe na wakati kabla haujapita. Pili, na hili ndilo linalowaudhi wananchi kwa haki kabisa, chama kilicho nje ya madaraka kinajua kuwa mpiga kura humlaumu aliye madarakani. Kusaidia kutatua tatizo ni kumsaidia mshindani wako. Kuchelewesha hakukugharimu wewe, kunamgharimu yeye, na bili inalipwa na mtu wa tatu ambaye hayumo ukumbini. Tatu, mbunge anayeafikiana na upande wa pili anaweza kukatwa kwenye kura za maoni za chama chake. Anamwogopa mwenzake wa chama kuliko mpinzani.

Si kila mkwamo ni wa vyama, hata hivyo. Mwaka 2020, uchumi ukiwa umebanwa na korona, Seneti ya Kenya ilishindwa kikao baada ya kikao kukubaliana fomula ya kugawa fedha kwa kaunti 47. Mpasuko ulikuwa kati ya kaunti ambazo zingepata na zile ambazo zingepoteza, na maseneta wa chama kimoja walijikuta pande mbili. Magavana walitangaza kusitisha huduma za kaunti. Mwezi Septemba ikapatikana njia: fomula mpya ianze baadaye, wakati fungu lote la kaunti limeongezwa, ili asiwepo wa kupunguziwa. Hiyo ndiyo dawa inayofanya kazi mara nyingi zaidi, yaani kubadili kinachogombewa au tarehe ya kuanza. Kumwomba mtu ajitoe mhanga hakufiki mbali.

Kwetu Tanzania bajeti kuu haikwami kwa namna hiyo, na sababu zimeandikwa. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, maana yake mbunge anayeikataa anarudi jimboni kuomba kura upya. Na Ibara ya 139 inaruhusu matumizi yaendelee kwa muda kama sheria ya matumizi haijaanza kutumika mwaka mpya wa fedha unapoingia tarehe 1 Julai. Ofisi hazifungwi. Lakini bajeti kupita kwa wakati si sawa na fedha kufika kwa wakati, na pia si sawa na bajeti kuchambuliwa. Bunge lisilokwama kamwe linaweza kuwa bunge lisilouliza.

Mtu wa Kigoma atakutana na dhana hii kwa karibu zaidi kwenye baraza la madiwani. Chukua mfano wa kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kipindi hicho kinapita juu ya tarehe 30 Juni, kwa hiyo kinagusa miaka miwili ya fedha: mwezi mmoja na nusu kila upande. Dagaa na migebuka wasipoingia Kibirizi, ushuru wa mwalo unashuka, na halmashauri ya mwambao inabaki na mpango mkubwa kuliko mapato yake ya ndani. Hapo madiwani wanatakiwa kukubaliana nini kipunguzwe. Baraza likigawanyika, au likivutana na mkurugenzi (ambaye huteuliwa na Rais, hachaguliwi nao), marekebisho hayapiti. Mhasibu hawezi kulipa kifungu ambacho hakimo, na boma la zahanati ambalo wananchi wamelinyanyua kwa nguvu zao hadi kwenye linta linanyeshewa msimu mwingine. Hakuna aliyepiga kura kulitelekeza.

Mkwamo wa mbali nao hufika huku. Chakula cha wakimbizi wa Nyarugusu, wilayani Kasulu, hutoka kwa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa linaloendeshwa kwa michango ya hiari, na Marekani imekuwa mchangiaji wake mkubwa kwa miaka mingi. Fedha ambazo Washington haijaidhinisha haziwezi kuahidiwa huku.

Kwa anayetaka kufuatilia mvutano kama huu, baraza la halmashauri hukaa kikao cha kawaida kila miezi mitatu na wananchi wanaruhusiwa kusikiliza. Usiishie kwenye hotuba. Uliza jambo limesimama hatua gani: kamati ya fedha, baraza lenyewe, mkoani, au fedha hazijatumwa na Hazina. Uliza kura ngapi zinahitajika na ngapi zipo, na kama akidi ilitimia au wajumbe walitoka makusudi ili isitimie. Uliza tarehe ya mwisho ni ipi na sheria inasema nini ikipita. Kisha muulize diwani wako alipiga kura gani, akijibu jibu la chama chake, umwulize tena.