Msuluhishi si hakimu: dhana potofu kuhusu usuluhishi wa migogoro ya kazi

Wengi huingia katika chumba cha usuluhishi wakisubiri hukumu. Mfanyakazi huja na faili la barua za onyo, mwajiri na rejista ya mahudhurio, na kila mmoja humwelekea msuluhishi kana kwamba anatoa ushahidi. Dhana hiyo ndiyo inayozaa nyingine zote. Msuluhishi hana mamlaka ya kuamua nani ana haki. Hayo ni ya mwamuzi au mahakama. Kazi yake ni kusikiliza, mara nyingi kila upande kwa faragha, na kuuliza yale ambayo wahusika wasingeulizana. Hapo ndipo huweza kubainika kwamba aliyeachishwa kazi, ingawa kwenye madai ameandika kurejeshwa, anachotaka hasa ni malimbikizo ya likizo na cheti cha utumishi kisichomharibia jina, na kwamba mwajiri angevitoa tangu mwanzo lau angeulizwa.

Si kweli pia kwamba anayekubali usuluhishi amekiri kosa. Kwa kawaida yanayosemwa humo hayatumiki kuwa ushahidi shauri likisonga mbele, na ndiyo maana mtu huthubutu kutaja kiasi anachoweza kupokea.

Wapo wanaoyaita makubaliano hayo maneno matupu. Pendekezo Na. 92 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1951, linataka yaandikwe na yahesabiwe sawa na mikataba iliyofikiwa kwa njia ya kawaida. Linataka pia utaratibu uwe wa haraka na usio na malipo, bila kubana haki ya kugoma. Hata hivyo, pendekezo si sheria, na nguvu ya kutekeleza hutokana na sheria ya nchi husika. Kabla ya kutia saini, angalia kiasi, tarehe ya malipo na hatua zitakazofuata kisipolipwa. “Nitalipa hali ikiruhusu” si kifungu, ni ahadi ya barazani.

Wanaoupenda usuluhishi kupita kiasi nao hukosea wanapodhani kila mgogoro unaufaa. Aliyenyanyaswa kingono asilazimishwe kuketi meza moja na mtuhumiwa, na ofisa utumishi anayesuluhisha akiwa chini ya mkurugenzi anayelalamikiwa, hata awe na nia njema namna gani, ni vigumu kuaminiwa kuwa haegemei upande. Tena, mazungumzo ya ndani yanaweza kuendelea huku muda wa kisheria wa kufungua shauri ukiyoyoma, kwa hiyo tarehe hiyo ijulikane kabla ya kikao cha kwanza.