Injini ya Mvuke ya Kujitengenezea: Hewa ya Kompresa Haithibitishi Usalama wa Sehemu Ulizozisubu

Tangu idara yetu ya ukaguzi ilipoanza kampeni ya kuwataka wajenzi binafsi wa injini za mvuke walete mashine zao zikaguliwe kabla ya kuwashwa kwa mara ya kwanza, meza yangu haikosi barua yenye maelezo haya: injini imekwisha kuzunguka vizuri kwa hewa ya kompresa, kwa hiyo kilichobaki ni muhuri wa kuipitisha tu. Wanaoandika hivyo ni watu wenye bidii ambao wamejenga tanuri kwa mikono yao, wakasubu silinda, yaani wakamimina metali iliyoyeyuka katika kalibu, umbo tupu la mchanga, kisha wakaikereza kwenye mashine inayoizungusha mpaka ikang'aa, na kazi yao ninaiheshimu. Hata hivyo, hewa ya kompresa haijibu hata moja kati ya maswali matatu ambayo mkaguzi analazimika kuyauliza: metali hii ni ipi, ndani yake mna nini, na itakuwaje ikishapata joto.

Nianze na joto, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa zaidi. Hewa ya kompresa huingia katika silinda ikiwa na joto linalokaribiana na la karakana. Mvuke ulio katika shinikizo la baa 7 (baa moja hukaribiana na shinikizo la kawaida la hewa) juu ya lile la angahewa una joto la takriban nyuzi 170 za sentigredi, na ukifika baa 10 joto hupanda hadi nyuzi 184 hivi. Chukua silinda ya chuma cha kusubu yenye kipenyo cha milimita 50, ndani yake pistoni ya alumini iliyokerezwa iingie kwa kubana kidogo. Kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, joto likipanda kwa nyuzi 150 pistoni itakuwa imetanuka zaidi ya silinda kwa takriban milimita 0.09, na kama mwanya ulioachwa ni mdogo kuliko huo, injini iliyozunguka siku nzima kwa hewa itakwama dakika chache baada ya kupata mvuke. Ndivyo ilivyo pia kwa viungo vilivyolehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, ambao aina yake inayoyeyuka mapema huyeyuka katika nyuzi 183. Kiungo cha namna hiyo kitastahimili hewa bila tatizo lolote, kisha kitaachia chini ya mvuke wa baa 10, na mjenzi atashangaa.

Tena hewa haileti maji. Mvuke unapoingia katika silinda baridi hugeuka maji, na maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Pistoni ikiyakuta yamejaa mwishoni mwa mwendo wake, kitu fulani lazima kivunjike, na mara nyingi huwa ni kifuniko cha silinda au mkono wa pistoni. Silinda isiyo na vibomba vya kutolea maji pande zote mbili hatuipitishi, na hilo halina mjadala.

Sehemu tunazoletewa tunazigawa katika makundi mawili, na laiti wajenzi nao wangezigawa hivyo tangu siku ya kwanza. Kundi la kwanza ni sehemu za injini yenyewe: msingi, silinda, vifuniko, gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili, na vishikizo vya beringi. Hizi zinaweza kusubiwa nyumbani, na chuma cha kusubu chenye rangi ya kijivu kinazifaa sana, kwa sababu chembe za grafiti zilizomo ndani yake husaidia kulainisha mahali pistoni inapoteleza. Kundi la pili ni boila, chombo kinachochemsha maji yawe mvuke, na kila kinachofungwa juu yake: vali ya usalama, vali ya kufungia mvuke, viunganishi vya geji ya shinikizo na vya kioo cha kuonyesha kiwango cha maji. Chuma cha kusubu ni imara kikigandamizwa, lakini ni dhaifu kikivutwa, na hupasuka ghafla bila kuonya. Ganda la boila huvutwa muda wote wa kazi. Kwa hiyo boila ya mjenzi binafsi iliyosubiwa kwa chuma haipiti, hata iwe nene namna gani, na ningeomba maombi ya aina hiyo yasiletwe tena.

Kuhusu viunganishi vidogo vya boila, wengi huleta vilivyosubiwa kutokana na brasi, wakidhani kwamba kila kilicho cha manjano ni sawa. Brasi yenye zinki nyingi, ikikaa katika maji ya moto kwa muda mrefu, hupoteza zinki yake na kubaki shaba yenye vinyweleo, isiyo na nguvu, ilhali umbo la nje halibadiliki. Tunachopendekeza ni bronzi ya shaba na bati ambayo asili yake inajulikana, na ikiwezekana iwe fito iliyonunuliwa pamoja na hati yake, kisha ikerezwe. Kifaa kilichokerezwa kutokana na fito yenye hati hunichukua dakika chache kukikagua. Kile kilichosubiwa kutokana na mabomba ya zamani na koki zilizookotwa hunichukua siku nzima, na mara nyingi mwisho wake ni kukataliwa.

Suala la vyuma chakavu linahitaji maneno zaidi. Anayeyeyusha chakavu cha alumini lazima ahakikishe hakuna magnesiamu ndani yake, kwa sababu ikiwaka haizimwi kwa maji. Maji huongeza moto. Mrija uliozibwa pande zote mbili, au kifaa chochote kilichofungia gesi au mafuta, hulipuka kikiwekwa katika chungu cha kuyeyushia. Zinki nayo huchemka katika nyuzi 907, kiwango kilicho karibu sana na joto ambalo brasi huyeyukia, ndiyo maana brasi iliyopashwa kupita kiasi hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta moshi huo hupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa kadhaa baadaye, akafikiri ni ugonjwa mwingine kabisa.

Hatari kubwa kuliko zote katika kusubu, hata hivyo, ni unyevu. Maji yakigeuka mvuke katika shinikizo la kawaida la hewa hupanuka takriban mara 1,600, na yakifunikwa na metali iliyoyeyuka hupanuka kwa ghafla, yakairusha metali hiyo hadi usoni mwa mmiminaji. Mchanga wa kalibu unapaswa kuwa na unyevu wa kushikamanisha tu; ukiufumbata mkononi ubaki na umbo la vidole bila kulowesha kiganja. Kipande kinachoongezwa katika chungu chenye metali iliyoyeyuka kipashwe moto kwanza, na koleo na upawa wa kuchotea mavi ya chuma vivyo hivyo. Sakafu ya zege haifai kumiminia juu yake, kwa kuwa ndani ya zege mna maji, na metali ikimwagika zege hupasuka na kurusha vipande. Tandaza mchanga mkavu. Anayeponda au kuchekecha mchanga mkavu avae barakoa ya kuzuia vumbi, kwani vumbi la silika huharibu mapafu polepole na madhara yake hayatibiki.

Kisha kuna vitundu visivyoonekana. Metali husinyaa inapoganda na kupoa: katika kutengeneza kielelezo cha mbao, yaani umbo la mfano linaloacha alama yake katika mchanga, huongezwa takriban asilimia 1 kwa chuma cha kijivu na asilimia 1.3 kwa alumini, na wajenzi wengi wanalifahamu hilo. Wasilolizingatia ni kwamba sehemu nene huganda mwisho, na isipokuwa na tundu la akiba linaloendelea kuilisha metali, hubaki na uwazi katikati. Alumini nayo hunyonya haidrojeni kutoka katika unyevu, kisha huiachia inapoganda, ikabaki na vitundu vidogo vingi. Niliwahi kuletewa kiwiliwili cha vali kilichosafishwa kwa msasa mpaka ukajiona uso wako. Nilimwomba mwenyewe ruhusa ya kukikata kwa msumeno, naye akakubali kwa shingo upande. Ndani kilikuwa kama sega la nyuki. Hakuwa mzembe, bali aliliamini jicho lake katika jambo ambalo jicho haliwezi kulithibitisha. Tangu siku hiyo ninawaomba wajenzi wasubu vipande viwili kutoka katika kielelezo kimoja na chungu kimoja, wakate kimoja, na walete vyote.

Kwenye mashine ya kukereza, ngozi ya nje ya chuma kilichosubiwa mara nyingi ni ngumu na yenye chembe za mchanga, kwa hiyo mkato wa kwanza lazima uingie chini ya ngozi hiyo, la sivyo kisu kitasagika bila kukata. Kereza kwa kiasi kwanza, acha kipande kitulie, ndipo umalizie, kwa sababu mikazo iliyobaki tangu kuganda huachia na tundu lililokuwa duara huacha kuwa duara. Silinda ndefu haitobolewi kwa kisu kinachoning'inia upande mmoja. Hilo lilijulikana tangu 1775, mwaka ambao John Wilkinson wa Uingereza alitumia fimbo ya kutobolea iliyoshikiliwa ncha zote mbili ili kuzitoboa silinda za injini za James Watt, ambaye kabla ya hapo alikuwa amehangaika kwa miaka kadhaa na silinda zinazovujisha mvuke.

Kuhusu flaiwili nitasema jambo moja tu. Gurudumu la kusubu lenye kipenyo cha milimita 600 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia takriban mita 31 kwa sekunde, nao ndio mpaka ambao desturi ya uhandisi imeuweka kwa magurudumu ya chuma cha kusubu. Mkazo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kasi ikizidi mara mbili mkazo huzidi mara nne. Injini iendeshwe ikiwa na kidhibiti cha kasi, na gurudumu likiwa na ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, lisichomelewe, lisubiwe upya.

Naona nijibu pia dai kwamba boila ndogo haiwezi kudhuru. Maji ya nyuzi 170 yakiachiwa ghafla katika shinikizo la kawaida, karibu asilimia 13 yake hugeuka mvuke papo hapo, na kila kilo moja ya maji hayo hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke. Tarehe 29 Julai 2001, katika viwanja vya maonyesho vya Medina, jimbo la Ohio, Marekani, trekta la mvuke la zamani linalomilikiwa na mtu binafsi lililipuka na kuua watu watano. Nalitaja kwa sababu lilikuwa mali ya mpenzi wa mashine, mtu wa aina ile ile ninayemwandikia makala haya.

Sasa utaratibu, ambao naueleza kama unavyofuatwa katika sehemu nyingi zenye sheria za vyombo vya shinikizo, huku kila mjenzi akiwa na wajibu wa kuthibitisha masharti ya mamlaka iliyo karibu naye. Ombi huletwa kabla ya ujenzi, si baada yake, pamoja na mchoro wenye vipimo vyote, unene wa bamba la boila, hesabu ya nguvu yake, na hati ya kila bamba, fito na lehemu iliyotumika. Boila iletwe tupu, bila rangi na bila kufunikwa, ili kila kiungo kionekane. Tunarudisha nyingi kwa kosa la rangi pekee. Kisha hufanyika jaribio la maji: boila hujazwa maji ya kawaida hadi hewa yote itoke, ndipo shinikizo hupandishwa taratibu kwa pampu ya mkono. Kwa boila ndogo mpya za wajenzi binafsi, kiwango kinachotumika sana ni mara mbili ya shinikizo la kazi, na mara moja na nusu kwa majaribio ya baadaye. Vipimo vya ganda huchukuliwa kabla na baada, kwa kuwa boila isiyovuja lakini iliyobadilika umbo imeshindwa. Jaribio hili halifanywi kwa hewa hata siku moja. Maji yakipata upenyo hutiririka, ilhali hewa iliyobanwa hulipuka.

Linalofuata ni jaribio la mvuke. Moto huchochewa kikamilifu huku vali ya kufungia mvuke ikiwa imefungwa, na vali ya usalama inapaswa kuutoa mvuke wote unaozalishwa, bila shinikizo kupanda zaidi ya asilimia 10 juu ya lile la kazi. Vali hiyo ikipita hutiwa lakiri, muhuri wa kuzuia isichezewe, na anayeivunja lakiri hiyo kwa nia ya kuongeza nguvu amekifuta cheti chake mwenyewe. Geji iwe imelinganishwa na geji ya marejeo, na shinikizo la kazi lichorwe mstari mwekundu. Namba ya boila hugongwa kwenye ganda, na namba hiyo hiyo huandikwa katika cheti, kwa sababu cheti ni cha boila ile moja na hakihamishwi kwenda nyingine hata kama mjenzi ni yule yule.

Anayeendesha boila bila cheti kwanza hupewa ilani ya kusimamisha. Akiendelea, kifaa huzuiliwa, na akikiendesha mbele ya watu huweza kushtakiwa, jambo ambalo halingoji mtu aumie. Boila iliyokataliwa kwa sababu ya metali yake hairekebishwi kwa kuchomelea. Hugongwa alama ya kukataliwa, na mwenyewe hutakiwa kuikata mbele ya mkaguzi, lakini injini, silinda na flaiwili hubaki zake, naye anaweza kuziunganisha na boila nyingine yenye hati. Anayetaka ushauri kabla ya kuwasha tanuri alete mchoro na kipande cha metali anayokusudia kuitumia, kiwe na urefu wa kutosha kukatwa mara mbili na kimeandikwa tarehe ya kuyeyushwa. Ushauri huo hautolewi kwa picha.