Je, wajua kwa nini chupa nyingi za bia ni za kahawia?

Swali hili nililijibu kwa miaka mingi bila kusita, na kila mara nilikosea. Nilikuwa nasema bia huharibiwa na joto: ukiitoa kwenye friji ikapata moto, kisha ukairudisha ikapoa tena, imeshakufa. Rangi ya chupa niliiona ni urembo tu, au njia ya kuficha machicha yaliyotuama chini.

Imani hiyo ya kupoa na kupata moto imeota mizizi. Utasikia mtu akikataa bia kwa sababu "imeshatoka friji mara mbili", na anasema kwa uhakika kabisa. Kilichonibadilisha mimi ni chupa tatu za bia ileile, za kioo kisicho na rangi, zilizotengenezwa siku moja. Ya kwanza niliizungushia karatasi ya foili kuanzia kizibo hadi kitako, ya pili nikaiacha wazi, na zote mbili nikazisimamisha dirishani penye jua kali kwa saa mbili. Ya tatu niliitia kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, nikafunika kwa mfuniko ili isione mwanga hata kidogo. Baadaye zote tatu zikalala friji usiku kucha.

Kesho yake nilizifungua. Ya foili ilikuwa bia, na ya sufuria nayo ilikuwa bia. Ile iliyoachwa wazi ilinuka kabla sijaifikisha puani: harufu kama ya mpira ulioungua, na kitunguu saumu kwa mbali. Nilipoionja, uchungu wake ulikuwa palepale. Zote tatu zilipata joto na zote tatu zikapozwa tena, lakini iliyoharibika ni ile iliyoona jua peke yake.

Hii si kusema kwamba joto ni rafiki wa bia. Bia ikikaa kwenye joto kwa wiki au miezi huzeeka haraka, kwa sababu oksijeni kidogo iliyobaki ndani ya chupa hupata nguvu ya kufanya kazi yake, na ladha huanza kufanana na katoni iliyolowa. Lakini huo ni ugonjwa mwingine, unakwenda taratibu, na dalili zake ni tofauti. Harufu ya mpira na kitunguu saumu huletwa na mwanga, na huja upesi.

Mwanga unaipataje bia? Uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi. Yakichemshwa pamoja na maji ya kimea, asidi zake hugeuka kuwa isohumuloni, na hizo ndizo ulimi unazozisikia kama uchungu. Kila molekuli ya isohumuloni ina kipande kimoja kinachoning'inia pembeni kama tunda kwenye tawi. Tunda hilo liko juu. Isohumuloni hazinyonyi mwanga wa kawaida tunaouona. Hunyonya miale ya urujuanimno, na sehemu kubwa ya miale hiyo huzuiwa hata na kioo cheupe, yaani kisicho na rangi. Kwa hesabu hiyo, mwanga wa kawaida ungepita ndani ya bia na kutoka bila kugusa kitu.

Lakini kimea huleta kitu kingine ndani ya bia: ribofulavini, yaani vitamini B2. Hii ni ya njano kwa sababu inameza mwanga wa buluu. Ikishaumeza, inabaki na nishati ambayo lazima iipeleke mahali, na iliye karibu nayo ni isohumuloni. Ribofulavini ndiyo ngoe. Mkono wa mwanga haulifikii tunda, ila ukishika ngoe unaliangua bila shida.

Kipande kilichoanguka hakitulii. Kwanza hupoteza molekuli moja ya kaboni monoksidi, kisha hutafuta wa kushikamana naye, na humkuta salfa, ambayo bia huwa nayo kidogo kutokana na protini na hamira. Kinachozaliwa hapo wanakemia hukiita kwa kifupi MBT, na ndicho kinachonuka. Skanki, yule mnyama wa Amerika anayefanana na kicheche, hujilinda kwa majimaji yanayonuka yenye kemikali iliyo ndugu wa karibu kabisa wa MBT: zinatofautiana kwa atomu mbili tu za hidrojeni. Na pua zetu ni kali mno kwa harufu hii. Nanogramu chache katika lita moja zinatosha, sawa na gramu chache zilizoyeyushwa katika mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki. Ndiyo maana uchungu haupungui kwa kiasi cha kuonjeka: matunda machache tu yakianguka, nyumba nzima inanuka. Anayeoanisha bia chungu na chakula cha mafuta, akitegemea uchungu ukate mafuta mdomoni, ulimi hautamwonya kitu. Anuse kwanza.

Cha ajabu zaidi, MBT hiyohiyo imo pia katika harufu ya kahawa iliyokaangwa. Huko ni chembe ndogo ndani ya umati wa harufu nyingine, na hakuna anayelalamika.

Mtaalamu wa bia wa Ujerumani, Carl Lintner, aliandika mwaka 1875 kwamba mwanga huipa bia harufu mbaya. Hatua zenyewe za kemia zilikuja kuoneshwa kwa undani mwaka 2001, na kundi la watafiti wa Marekani na Ubelgiji akiwemo mwanakemia Malcolm Forbes.

Basi chupa ya kahawia ni miwani ya jua. Huzuia karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 500, yaani buluu, urujuani na urujuanimno, na ngoe inakosa mkono wa kuishika. Kioo cha kijani hupitisha sehemu kubwa ya mwanga huo, na kioo cheupe hupitisha karibu wote unaoonekana. Husemwa kwamba kijani kilienea Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa uhaba wa kioo cha kahawia, ila habari hiyo nimeiona ikisimuliwa zaidi kuliko kuthibitishwa, kwa hiyo siitegemei.

Kinachoeleweka zaidi ni tamaa ya kuonesha rangi. Tangu bia ya rangi ya dhahabu ilipotengenezwa Plzeň, mji wa Ucheki, mwaka 1842, dhahabu hiyo yenyewe imekuwa tangazo, na kioo cheupe huionesha vizuri. Lakini tangazo halihitaji kioo cheupe. Bia ya Bass ya Uingereza ilitegemea pembetatu nyekundu, alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa nchini humo, tarehe 1 Januari 1876. Miaka sita baadaye mchoraji Mfaransa Manet aliichora kwenye chupa za kahawia juu ya kaunta ya baa ya Folies-Bergère, ukumbi wa burudani wa Paris, na hadi leo pembetatu ile inatambulika pale bila tone la bia kuonekana.

Wanaong'ang'ania kioo cheupe wana njia moja ya kikemia. Miller High Life, kwa mfano, hutumia dondoo la hopsi ambalo molekuli zake zimeongezwa hidrojeni, na tunda halianguki kirahisi.

Kopo huzuia mwanga wote. Lakini bia ikishamiminwa, si kopo wala chupa inayoweza kuilinda tena: glasi ya bia yenye hopsi nyingi, ikiachwa kwenye jua kali, huanza kunuka ndani ya dakika chache. Siku hizi nikikaa nje, glasi huisogeza kivulini kwanza, halafu ndiyo nasalimia waliopo mezani.