Ule "uso" wa Mirihi ni kilima

Bado wapo wanaoamini kwamba kwenye sayari ya Mirihi kuna uso wa mtu uliochongwa na viumbe wa huko, na kwamba NASA inauficha. Picha yenyewe ni ya kweli. Ilipigwa Julai 1976 na chombo cha Viking 1, kilichokuwa kikiizunguka sayari hiyo na kumtafutia mwenzake, Viking 2, mahali pa kutua. Ila hadithi ya kufichwa haisimami: ni NASA yenyewe iliyoitoa picha hiyo siku chache baadaye, ikieleza kuwa ni vivuli tu vinavyofanana na kichwa.

Vivuli vilitoka wapi? Jua lilikuwa chini, likamulika upande mmoja wa kilima na kuuacha wa pili gizani. Kamera ya wakati ule, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 1,800, iliona kila mita 50 hivi kama nukta moja. Tena baadhi ya data zilipotea njiani zikaacha madoa meusi, na doa moja likaangukia pale pale penye "tundu la pua". Ubongo wetu nao hauhitaji kubembelezwa. Huona sura hata mwezini.

Mwaka 1998, kisha 2001, chombo cha Mars Global Surveyor kilipiga picha zilizo wazi zaidi, ile ya pili ikionyesha hata vitu vya mita chache. Macho na mdomo havikuwepo. Palikuwa na kilima chenye kilele bapa, kilichomomonyoka, kama vingine vingi vya eneo lile la Cydonia.