Kifua kikuu kwa wasio na makazi: maneno ya watu na ukweli wenyewe

"Huyu hana pa kulala, dozi ya miezi sita ataimaliza vipi?" Kauli hii utaisikia hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya, na kwangu ndiyo yenye madhara kuliko zote, maana ikishatamkwa hakuna anayejisumbua tena na mgonjwa.

Ukweli ni kwamba kinachomshinda mara nyingi si nia. Matibabu ya kawaida ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kati ya hizo, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi minne. Vidonge vyote hivyo ataviweka wapi? Begi huibwa usiku, mvua hulowesha pakiti. Saa ya kliniki ikigongana na saa ya kugawiwa chakula, mwenye njaa atakwenda penye chakula, na kwenye faili ataandikwa mtoro.

Uingereza walifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2019. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliohusika walikuwa wamewahi kukosa makazi, kufungwa jela, kutumia dawa za kulevya, kuwa na tatizo la pombe au la afya ya akili. Kundi moja lilipewa simu za kujirekodi video wakimeza dawa. Jingine lilisimamiwa ana kwa ana, mhudumu akiwaangalia wakimeza. Katika miezi miwili ya mwanzo, asilimia 70 ya kundi la simu walitimiza walau asilimia 80 ya mara walizopangiwa kuonekana wakimeza dawa. Kundi la pili, asilimia 31.

"Ukimpa nauli na chakula, atakuja kwa ajili ya hivyo tu." Na aje! Dawa atameza hapo hapo.

"Aache kwanza pombe na unga, ndipo aanzishiwe dawa." Hapana. Kumsubirisha ni kumwacha azidi kuumwa na kuambukiza wengine. Ni kweli kwamba pombe pamoja na dawa hizi huweza kuumiza ini, kwa hiyo apimwe ini mara kwa mara na aambiwe dalili: macho kuwa ya manjano, kutapika, kukosa hamu ya kula. Aambiwe pia mapema kwamba rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa na kwamba hilo halina madhara, la sivyo ataogopa na kuzitupa.

Kwa anayetumia methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, jambo hili lizingatiwe sana. Rifampisini huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Baada ya siku chache arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, inamshika: jasho, maumivu ya mwili, usingizi hakuna. Akisema dawa za kifua kikuu ndizo zinazomtesa, watu humwona anatafuta kisingizio, kumbe anasema kweli. Kliniki mbili, ya kifua kikuu na ya methadoni, zinapaswa kuwasiliana tangu siku ya kwanza ili methadoni iongezwe kadiri inavyohitajika. Rifampisini ikisimamishwa, methadoni ipunguzwe kwa uangalizi, kwa sababu dozi ile ile sasa inaweza kumzidi na kumuua.

"Kikohozi kimekwisha, amepona." Bado. Nafuu huja mapema, bakteria wakiwa wamebaki; akiacha hapo ugonjwa unaweza kurudi, pengine ukiwa sugu kwa dawa.

"Miezi sita yote akae mbali na watu." Kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa vyombo wala kupeana mikono, na mgonjwa anayetibiwa kwa dawa zinazomfaa kwa kawaida huacha kuambukiza ndani ya wiki chache. Hatari kubwa iko kabla ya hapo, kwenye mabweni yaliyojaa na yasiyopitisha hewa, kwa yule ambaye bado hajapimwa. Ndiyo maana London kuna gari la eksirei linalowafuata watu kwenye mabweni hayo.

"Makazi ni kazi ya ustawi wa jamii, hospitali haihusiki." Mwongozo wa kitaifa wa matibabu nchini Uingereza unataka mgonjwa asiye na makazi apatiwe mahali pa kuishi kwa muda wote wa matibabu. Mazungumzo hayo yaanze angali wodini, kwa sababu akisharuhusiwa na kurudi barabarani, kumpata tena ni kazi.