Kwa nini sura ya tasnifu haigeuki makala kwa kunakiliwa tu?

Mtu ametetea tasnifu yake ya uzamivu na jopo la watahini limeridhika. Anaichomoa sura ya nne, anaipa kichwa kipya, anaituma kwenye jarida la kitaaluma. Inakataliwa. Imekuwaje, ilhali watahini waliipitisha?

Tofauti iko kwa msomaji. Mtahini anakupima: umesoma nini, nadharia unaijua, kila ulichofanya uwandani unaweza kukitetea? Ndiyo maana tasnifu hufika kurasa mia mbili na zaidi. Msomaji wa jarida hana haja ya kukupima. Anatafuta jambo moja jipya na ushahidi wake, mara nyingi katika maneno 6,000 hadi 8,000.

Kwa hiyo tasnifu haikatwi kwa sura, hukatwa kwa hoja. Tuseme mtafiti alichunguza majina ya samaki miongoni mwa wavuvi wa Pemba, akiwa na malengo mahsusi matatu: jinsi majina yanavyoundwa, yanavyotofautiana kijiji hadi kijiji, na kiasi ambacho vijana bado wanayajua. Kila lengo laweza kuzaa makala. Lakini lengo la pili limetapakaa: swali lake liko sura ya kwanza, kazi tangulizi sura ya pili, usaili sura ya tatu, mifano sura ya nne. Makala inachota kidogo kila mahali. Mapitio ya kazi tangulizi ya kurasa arobaini yanabaki aya tatu, za waandishi wale tu wanaogusa tofauti za vijiji. Hapa ndipo panapouma, maana kila ukurasa unaofutwa ulikesha nao. Futa. Tasnifu ipo maktaba, haikupotea.

Ila usivuke mpaka. Tokeo moja lililochanwa vipande vinne ili kuongeza idadi ya machapisho huwadanganya wasomaji. Mwambie mhariri wazi kwamba makala imetokana na tasnifu, na ukubaliane mapema na msimamizi wako nani ataandikwa mwandishi.

Jarida nalo lichaguliwe kabla ya kuanza kukata. Kwa mada kama hii kuna Kiswahili na Mulika ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Swahili Forum ya Ujerumani. Soma matoleo mawili matatu ya karibuni, uone mjadala umefikia wapi. Aya yako ya kwanza ianzie hapo.